Nia Njema Isiyo na Msimamizi

Kisa ninachokisimulia kilitokea Jinja, mji wa Uganda ulio pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Kimeandikwa sana magazetini, kimefika mahakamani, na mwaka 2023 kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani kilikionyesha katika filamu ya matukio ya kweli. Najua wapo waliokwisha kukisikia. Nakirudia kwa sababu wengi wetu tulikipokea kama habari ya binti mmoja wa Kimarekani na makosa yake, tukasikitika, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Sisi tulio karibu na kazi ya ustawi wa jamii hatupaswi kukipita hivyo. Wanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani hii, wa kwetu na wa Marekani na Ulaya, wanaingia darasani wakiwa na vyeti vya kujitolea katika nchi za watu, na vyeti hivyo vinawafungulia milango. Katika kila hatua ya kisa hiki nimejiuliza kama ningekuwa mimi ningesimama wapi, na sikupata jibu la kunipa usingizi mzuri.

Renee Bach alitoka Bedford, katika jimbo la Virginia. Alifika Jinja mara ya kwanza mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 18, kujitolea katika kituo cha watoto. Alikaa miezi kadhaa, akarudi kwao, lakini moyo wake ulibaki Uganda. Mwaka 2009, akiwa na miaka 20, alirudi na kuanzisha shirika aliloliita Serving His Children. Hakusomea udaktari, uuguzi wala ustawi wa jamii. Alikuwa amemaliza sekondari, na alikuwa na imani ya dhati kwamba Mungu amemtuma kazi hiyo.

Kazi ya kwanza ya shirika ilikuwa kupika. Watoto wa Masese, mtaa wenye dhiki nyingi pale Jinja, walipewa chakula cha moto bila malipo. Katika hilo sioni kosa lolote. Mtoto mwenye njaa akipewa wali na maharage ameshiba, na mpishi hahitaji shahada. Laiti kazi ingebaki hapo, leo tusingekuwa na kisa.

Kwa maelezo yake mwenyewe, mwishoni mwa 2009 alipigiwa simu na mtumishi wa wodi ya watoto pale Jinja. Palikuwa na watoto wenye utapiamlo mkali ambao wodi iliona wanaweza kuruhusiwa, lakini nyumbani kwao hapakuwa na chakula cha kuwarudishia afya. Je, angeweza kuwapokea? Akakubali. Kidogo kidogo nyumba ya kupikia chakula ikawa nyumba ya kulaza wagonjwa.

Msomaji, tusimame hapa kidogo, maana alama moja ya hatari iko hapa na si rahisi kuiona. Ombi likitoka hospitali linaonekana kama kibali. Kijana wa miaka 20 anaweza kujiambia kwamba kama wenye taaluma wameniamini, mimi ni nani nijikatae? Lakini muuguzi aliyeelemewa na wagonjwa, ambaye vitanda vimejaa na dawa hazitoshi, anatafuta msaada popote anapouona. Anaomba kwa sababu amezidiwa. Hakukaa chini kupima ujuzi wa yule anayemwomba. Wangapi kati yetu tumewahi kupewa kazi kubwa kuliko uwezo wetu, tukaipokea kwa furaha, kwa kuwa aliyetupa alikuwa mkubwa? Mimi ningeweza kuipokea. Ningeweza hata kuona kwamba kukataa ni ukosefu wa utu.

Inafaa pia kueleza ugonjwa wenyewe, kwa sababu hatari yake imejificha. Watu wengi hudhani mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu kwa unyafuzi anahitaji kulishwa tu, ashibe, apone. Sivyo. Mtoto aliyefikia hali hiyo moyo wake umedhoofika, figo zake hazifanyi kazi sawasawa, na sukari inaweza kushuka mwilini mwake usiku mmoja akafa kimya. Anaweza kuwa na maambukizi makali bila hata joto kupanda, kwa sababu mwili umeishiwa nguvu ya kutoa ishara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka mtoto wa namna hiyo apewe kwanza maziwa maalumu mepesi yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baada ya hali kutulia ndipo anapopewa maziwa mazito zaidi, F-100. Dripu, ambayo kwetu imekuwa alama ya matibabu ya maana, kwa mtoto huyu inaweza kuua. Maji yakiingia kwa wingi moyo unashindwa kuyasukuma, na kwa hiyo mwongozo unairuhusu pale tu mtoto anapokuwa katika mshtuko wa mwili, mzunguko wa damu ukiwa umedhoofika. Kumwongezea damu nako kuna masharti yake makali.

Basi huo ndio ugonjwa uliohamishwa kutoka wodini kwenda katika nyumba ya kijana mwenye upendo. Kati ya mwaka 2010 na 2015 kituo kilipokea watoto 940 wenye utapiamlo mkali. Watoto 105 kati yao walifariki.

Sitaki kumtwika mtu mzigo usio wake. Hesabu hiyo peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwa kuwa watoto hao wengi waliletwa wakiwa mahututi, na hata hospitali zenye madaktari hupoteza watoto wa aina hiyo. Bach amekana siku zote kwamba alijifanya daktari. Amesema alikuwa na wauguzi na wataalamu wa Uganda, na kwamba kama aliwahi kushika vifaa vya tiba ilikuwa kwa maelekezo yao au kwa dharura. Nimelipima hilo kwa makini. Hata nikikubali kila neno lake, swali langu linabaki pale pale: katika miaka yote ile, nani alikuwa na mamlaka ya kumwambia Renee Bach simama?

Kwa sababu alama zilikuwepo, tena za wazi. Ya kwanza aliiandika kwa mkono wake. Mwaka 2011, katika maandishi aliyowatumia marafiki na wafadhili, alieleza jinsi mtoto mchanga mwenye hali mbaya alivyoletwa, na jinsi yeye alivyomwekea oksijeni, akaanza dripu, akampima malaria na wingi wa damu. Baadaye alisema aliandika kwa ulegevu, kwamba kazi hiyo ilifanywa na wauguzi au chini yao. Nachukua kwamba ni kweli. Lakini maandishi yale yalisomwa na watu wengi sana, miongoni mwao wazazi, waumini, watu waliosoma, watu wenye hekima. Walisoma habari ya kijana asiye na mafunzo akiweka dripu kwa mtoto mwenye utapiamlo katika nchi ya watu, wakashangilia, wakatuma sala na fedha. Kama mtu angewaandikia kwamba binti wa jirani hapo Virginia, asiyesomea chochote, anawawekea dripu watoto wagonjwa sebuleni kwake, wangepiga simu polisi kabla chai haijapoa.

Nawaomba wanafunzi walikumbuke jambo hili kila wanapoandika habari za fildi, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo, au za kujitolea. Sifa za watu walio mbali hazikupi habari yoyote juu ya ubora wa kazi yako. Wanaokusifu hawamwoni mtoto. Wanakuona wewe.

Alama ya pili ilikuja kwa miguu yake ikaondoka kwa miguu yake. Mwaka huo huo wa 2011 alifika pale muuguzi wa Kimarekani kujitolea, mtu aliyesomea kazi ile. Baada ya muda mfupi aliacha, na akaeleza wasiwasi wake juu ya namna watoto walivyotibiwa. Shirika liliendelea. Katika kazi zetu hizi za kuhudumia watu, mtu mwenye ujuzi akiondoka mapema huku anasema kuna hatari, hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka mzima. Milango yote inapaswa kufungwa mpaka neno lake lichunguzwe. Kwa kawaida tunafanya kinyume. Tunasema hakuzoea mazingira, au ana kiburi, au hana moyo wa kujitoa. Nimesikia maneno hayo katika mashirika mengi, yakisemwa juu ya watu waliokuwa sahihi.

Ya tatu ni koti. Akina mama wawili waliofungua kesi baadaye walieleza katika hati za kiapo kwamba walimwona Bach amevaa koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, wakaamini ni daktari. Yeye alikanusha. Mahakama haikupata nafasi ya kuamua nani asadikiwe. Lakini tuwe wakweli juu ya maisha yetu: mama aliyembeba mtoto anayekata roho, akifika mahali penye vitanda, dripu na mtu mweupe anayetoa maagizo, hahitaji hata koti. Ameshaamini. Kwetu kila anayevaa nyeupe ni daktari, na mama maskini hana desturi ya kumwambia daktari amwonyeshe cheti. Kwa hiyo jukumu la kusema "mimi si daktari" ni la mgeni. Alitakiwa aliseme hilo mlangoni, kwa lugha ya mama, kabla mtoto hajapokelewa, na kulirudia kila siku.

Kuna alama nyingine ambayo magazeti hayakuitazama sana, nami naiona nzito kuliko zote. Wauguzi wa Uganda walikuwepo. Walikuwa na mafunzo, walijua lugha, waliwajua akina mama. Lakini walikuwa waajiriwa wa yule binti. Mshahara wao ulitoka mkononi mwake, na fedha za kituo zilikuja kwa jina lake na kwa picha zake. Mtu wa namna hiyo anasimamiwaje? Muuguzi mwenye watoto wa kusomesha atamwambia mwajiri wake, "Dada, ondoa mkono wako hapo," mara ngapi kabla hajachoka? Na kwa maelezo ya Bach mwenyewe, waliomwongoza ni wauguzi hao hao. Hapo ndipo kosa lilipojengwa tangu msingi. Msimamizi unayemlipa wewe, unayeweza kumfukuza kesho asubuhi, huyo si msimamizi.

Miaka ya mwanzo kituo kiliendeshwa bila leseni ya kituo cha afya. Mwaka 2015 mganga mkuu wa wilaya aliamuru kifungwe. Baadaye shirika lilifanya kazi kwa kushirikiana na kituo cha afya cha serikali, jambo linaloonyesha kwamba njia hiyo ilikuwepo, na ingeweza kutafutwa mapema. Januari 2019 shirika la msaada wa kisheria kwa wanawake, Women's Probono Initiative, lilifungua kesi ya madai katika Mahakama Kuu ya Jinja kwa niaba ya akina mama wawili waliopoteza watoto. Julai 2020 pande mbili zilipatana nje ya hukumu. Kila mama alipewa takriban dola 9,500, na upande wa Bach haukukiri kosa. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na walioendelea kumwita muuaji mitandaoni walisema jambo ambalo hawakulithibitisha. Nalisema hili kwa sababu uongo unaosemwa kwa kutetea wanyonge hatimaye huwaumiza wanyonge wenyewe.

Miongoni mwa waliopaza sauti hadi kisa kikajulikana duniani walikuwamo watu wawili wa fani yetu: Olivia Alaso, Mganda, na Kelsey Nielsen, Mmarekani, wote wawili wa kazi ya ustawi wa jamii. Hilo halinishangazi. Mtu aliyepita katika mafunzo yetu amefundishwa kuuliza swali ambalo Jinja halikuulizwa: nani anakusimamia?

Tuingie sasa darasani. Nchini Marekani, Baraza la Elimu ya Kazi za Jamii linataka mwanafunzi wa shahada ya uzamili afanye fildi ya saa zisizopungua 900. Wa shahada ya kwanza ni saa 400. Fildi ya uzamili inasimamiwa na mtu mwenye shahada ya uzamili ya fani hiyo hiyo na uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya kuhitimu. Na kuna kanuni moja ambayo wanafunzi wengi waliotoka kujitolea ng'ambo huipokea kwa uchungu: chuo hakiruhusiwi kumpa mtu alama za masomo kwa sababu ya uzoefu wa maisha au wa kazi za nyuma. Umekaa miaka miwili kijijini Malawi, umejifunza lugha, umelala chini ya chandarua kilichotoboka, umezika watoto pamoja na wanakijiji. Chuo kitakusifu na kitakupa nafasi. Upo hata mpango unaoitwa Paul D. Coverdell, unaowapunguzia gharama za masomo ya uzamili waliomaliza utumishi wao katika Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka wajitoleaji ng'ambo. Lakini saa 900 utazifanya zote, kama mwenzako ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa jimbo lake.

Nimewahi kusikia watu wakiiita kanuni hiyo dharau. Baada ya Jinja naiona kuwa ulinzi. Uzoefu usiosimamiwa humpa mtu ujasiri kwanza, na ujuzi huja baadaye, pengine usije kabisa. Mtu anayefanya jambo vibaya kwa miaka mitano bila wa kumsahihisha ana miaka mitano ya uzoefu. Anajiamini kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Anajua majina ya vijiji, anajua salamu, na picha anazo. Ndani ya fildi, msimamizi anakaa na mwanafunzi kila wiki na kumuuliza: ulimwambia nini yule mama? Kwa nini ulisema hivyo? Ungefanya nini kama angekuwa amekataa? Maswali hayo yanauma. Mwaka 2010 hapakuwa na mtu wa kuyauliza pale Masese.

Tatizo hili halikuanza jana. Aprili 1968, padri na mwanafalsafa Ivan Illich alialikwa kuzungumza na vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea vijijini Mexico wakati wa likizo. Waliomwalika walijua ana maneno makali, lakini nadhani hawakutarajia makali yale. Aliwaambia nia zao njema hazitoshi, akawasihi wasije kuwahudumia watu wa Mexico. Waje kama watalii, waje kujifunza. Siwezi kukubaliana naye kwa kila kitu, maana nimeona wajitoleaji waliofanya kazi ya maana chini ya mikono ya wenyeji. Lakini onyo lake lina zaidi ya nusu karne, na bado tunaandika barua za sifa kwa kijana aliyejenga choo ambacho fundi wa kijijini angekijenga vizuri zaidi na kwa gharama ndogo.

Nitoe mfano mwingine, ulio karibu zaidi na kazi yetu kuliko dripu. Mwanafunzi anarudi kutoka kituo cha kulelea watoto akiwa na furaha tele. Anasema watoto wale walimpenda, siku ya kwanza tu walimrukia shingoni, wakamng'ang'ania, walilia alipoondoka. Anaandika hayo katika barua ya kuomba nafasi ya uzamili, na wanaoisoma wanaguswa. Lakini katika vitabu vyetu vya malezi hiyo ni dalili. Barbara Tizard na wenzake waliwachunguza watoto waliolelewa katika nyumba za watoto mjini London miaka ya 1970, wakaona baadhi yao wanamkimbilia mgeni yeyote bila hadhari ambayo mtoto wa kawaida huwa nayo. Hali hiyo ilionekana tena kwa watoto wa vituo vya Romania baada ya 1989. Mtoto aliyebadilishiwa walezi mara kwa mara anajifunza kumkumbatia yeyote anayepita. Kila mjitoleaji anayekaa wiki tatu, akapendwa, akaondoka, anaongeza jina katika orodha ya waliomwacha.

Alama ya hatari ilikuwa shingoni mwa mwanafunzi, naye akaisoma kuwa upendo. Simlaumu. Mtoto akikukumbatia, nani anafikiria utafiti wa London? Ndiyo maana tunahitaji mtu wa pembeni, mwenye kujua zaidi yetu, wa kutuambia tunachokiona ni nini.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kudhani haya ni ya Wazungu. Nasi tunasafiri. Programu ya Umoja wa Mataifa ya watu wa kujitolea, UNV, iliyoanzishwa mwaka 1970, sehemu kubwa ya wajitoleaji wake wanatoka katika nchi za Afrika, Asia na Amerika Kusini. Vijana wetu waliohitimu wanakwenda Sudan Kusini, wanakwenda Kongo, wanakwenda kambi za wakimbizi za Kakuma na Nyarugusu. Wakifika huko, wao ndio wageni wenye vitambulisho shingoni. Mama mkimbizi anayemtazama binti wa Kitanzania mwenye fulana ya shirika anaona mtu anayeweza kumwandikia jina katika orodha ya chakula. Hatamwambia hapana. Na binti yule, asipokuwa na msimamizi, atafanya ushauri nasaha kwa mtu aliyebakwa kwa kutumia semina ya siku mbili na huruma yake. Rangi ya ngozi inaongeza uzito wa jambo, sikatai, lakini hatari yenyewe inatoka katika uwezo usio na wa kuuhoji, na uwezo huo hata mimi naupata nikivuka wilaya mbili.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Tuna msemo mzuri wa mgeni njoo, mwenyeji apone, nao umetulea katika ukarimu ambao sitaki tuupoteze. Lakini ukarimu wetu umekuwa ukisahau kuuliza. Mgeni anafika na sanduku la dawa na barua ya kanisa, mwenyekiti wa mtaa anampokea kwa ngoma, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya anapata habari baada ya mwaka. Tanzania inayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotaka makao ya watoto yawe na leseni. Kenya mwaka 2017 ilisitisha usajili wa vituo vipya vya watoto. Sheria zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kunyanyuka kitini, kupanda bodaboda, kwenda kutazama, na kuuliza bila kuona haya mbele ya mfadhili.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa uzamili uliyetoka kujitolea ng'ambo, usiufiche uzoefu wako wala usiupambe. Uupeleke wote kwa msimamizi wako wa fildi, pamoja na yale usiyoyaandika katika barua ya maombi: siku ulipofanya kazi isiyo yako kwa kuwa hapakuwa na mwingine, mtu uliyemwahidi ukaondoka, mwenzako aliyekuonya ukamwona mwoga. Hayo ndiyo yatakayokufundisha. Na wewe unayejiandaa kuondoka, kabla hujakata tiketi, liulize shirika linalokupeleka jina la mtu atakayekusimamia huko, kazi aliyosomea, nani anamlipa, na kama ana mamlaka ya kukurudisha nyumbani. Wakikujibu kwamba utajipanga mwenyewe ukifika, usiende.

Nawe afisa uliye wilayani, kama kuna nyumba katika eneo lako inayolaza watoto na hujawahi kuingia ndani yake, nenda wiki hii. Omba leseni. Omba daftari la watoto walioingia, waliotoka na waliofariki. Zungumza na wauguzi mahali ambapo mwajiri wao hawasikii.